Kabla ya Kuwapiganisha Makmende na Lwanda Magere

Kila gemu mpya ya mseto inapotangazwa, ile ya kupigana inayowatoa wahusika katika hadithi zao mbalimbali na kuwatia kwenye ulingo mmoja, maswali katika vibanda vya PlayStation vya Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, huwa yale yale: nani yumo, wanapigania wapi, na wanaokota nini? Aprili 2025 kampuni ya SNK ilipotoa Fatal Fury: City of the Wolves, Cristiano Ronaldo akiwa ndani na mpira wake, hata watu wa FIFA tupu, wale ambao Tekken huwachosha baada ya raundi mbili, walikuwa na la kusema.

Lakini wapo vijana waliochoka kusubiri orodha za Wajapani na Wamarekani. Wana daftari lao. Humo mna Fumo Liyongo, Lwanda Magere, Mekatilili wa Menza, Makmende, Abunuwasi, Sungura, kondakta wa nganya na mama wa mitumba mwenye mkoba wa kiunoni. Kila ukurasa una mchoro, na pembeni yake pigo kuu limeandikwa kwa wino mwekundu. Makala haya ni yao. Kama una daftari la namna hiyo, tatizo lake la kwanza ni kwamba lina watu arobaini.

Anza kwa kufuta. Marvel vs. Capcom 2 ya mwaka 2000 ilijaa wahusika 56, lakini ukitazama mechi za mashindano yake utaona sura nne zikirudi bila kukoma: Magneto, Storm, Sentinel na Cable. Waliobaki wengi ni mapambo. Super Smash Bros. ya kwanza, ya 1999, ilikuwa na wahusika 12 tu, nayo ndiyo iliyozaa ukoo mzima uliofika hadi Ultimate ya 2018. Tena hao walikuwa watu wa kampuni yenye mishahara. Wewe una simu, laptopu ya kuazima na rafiki anayejua kuchora.

Piga hesabu. Mhusika mmoja lazima asimame, atembee, aruke, ainame, ajikinge, akamate, aumie, aanguke na ashangilie. Ongeza mapigo sita. Hayo ni mambo 15. Ukichora picha sita tu kwa kila jambo, una picha 90. Wahusika wanne ni picha 360, kazi ya miezi kwa mtu anayechora jioni baada ya kibarua. Wahusika arobaini ni picha 3,600, na hapo ndipo madaftari mengi huishia chini ya godoro. Chagua wanne.

Na usiwachague kwa umaarufu. Wachague kwa udhaifu wao. Gemu ya kupigana huishi kwa swali moja: huyu ninampigaje? Hadithi zetu zilishajibu swali hilo zamani.

Mchukue Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo wa Kano. Mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ikigonga na kuanguka. Mahasimu wake, Walang'o, wakampa mke. Siku alipougua na kuhitaji kuchanjwa dawa, mke akaambiwa achanje kivuli, na kivuli kikatoa damu. Siri ikafika kwao, na vitani kivuli kikachomwa mkuki. Sasa iweke simulizi hiyo kwenye skrini. Magere haumii mwilini, anaumia kivulini. Kwa hiyo saa ya pambano inakuwa sehemu ya pambano. Hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua la adhuhuri husimama utosini na kivuli hujikunja chini ya miguu: Magere wa saa sita hashikiki. Jioni kivuli chake kinatambaa mita tatu nyuma yake, na mpinzani mwenye akili hamgusi Magere kabisa, anakikanyaga kile cha nyuma. Mhusika mmoja, kanuni moja, na tayari una kitu ambacho sijakiona kwenye Tekken wala Mortal Kombat.

Liyongo naye alikufa kwa sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni, na aliyeidunga ni mwanawe mwenyewe. Basi awe mkubwa, mwenye upinde unaofika ng'ambo ya skrini, mapigo yote ya kawaida yakimkwaruza tu, ila pigo la chini ya kifua likimwumiza maradufu. Akiishiwa nguvu asianguke. Apige goti na upinde umevutwa, kama alivyokutwa kisimani, na kwa sekunde chache mpinzani aogope kumkaribia. Wachezaji watapenda kufa wakiwa Liyongo.

Mekatilili asipewe upanga. Nguvu yake ilikuwa watu. Alicheza kifudu kijiji hadi kijiji akiwakusanya Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, na simulizi inasema alimwekea ofisa Mwingereza kuku na vifaranga, akamwambia achukue kifaranga kimoja aone. Huyu ni mhusika wa kuita msaada: anacheza, umati unakua nyuma yake, kuku anaachiliwa. Ukimkatiza ngoma yake mapema, hana kitu. Ukimwacha acheze, umekwisha.

Makmende ndiye mgumu. Tangu kundi la muziki la Just A Band walipomtoa katika video yao ya mwaka 2010, sifa yake nzima ni kwamba hashindiki, na mhusika asiyeshindika ni sumu katika gemu ya kupigana. Njia moja ni kumfanya kichekesho: ana pigo moja linalomaliza mechi, lakini lazima kwanza asimame, aweke miwani, ageuke, apigwe na upepo. Hiyo ni sekunde nne nzima za kujianika. Ila kumbuka kwamba Magere ni wa simulizi, Makmende ana wenyewe. Waandikie kabla hujamchora kwa mara ya pili. Wakikataa, mtengeneze babe wako mwenye miwani yake na jina lake. Vilevile usimtie mwanandondi, mwanamuziki au mwanasiasa aliye hai kwa kuwa tu unampenda. Ronaldo hakuingia kwa SNK kwa mapenzi, aliingia kwa mkataba.

Hata simulizi si mali ya kuokota. Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotaka jamii husika iombwe idhini kabla utamaduni wake haujatumiwa kibiashara. Pumwani kuna faida hapa: mtaa ulianzishwa mapema miaka ya 1920 kama makazi rasmi ya Waafrika jijini, na tangu hapo watu wa kila kabila wamepanga chumba kwa chumba. Mzee wa Kano na mama wa Malindi huenda wako plotini kwenu. Waulize kwa adabu, waonyeshe michoro, andika walichosema. Watakurekebishia mambo ambayo mtandao umeyapotosha, na ukifika mbele ya baraza la jamii yao utakuwa na mtu wa kukushika mkono.

Kabla ya sura yoyote kuchorwa, chora vijiti. Masahiro Sakurai alipounda kile kilichokuja kuwa Super Smash Bros., hakuanza na Mario. Alianza na vikaragosi visivyo na sura, huku Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa kampuni yao ya HAL Laboratory, akiandika programu siku za wikendi. Majaribio hayo waliyapa jina lililotokana na Ryuo, mji wenye ofisi zao mkoani Yamanashi, na picha iliyokuwa nyuma ya wapiganaji ilikuwa ya eneo hilo hilo, aliyoipiga Sakurai mwenyewe. Mario na Donkey Kong walikuja kuvalishwa baadaye, mapigo yakiwa tayari yana raha. Sakurai amefundisha mengi ya kazi hii katika chaneli yake ya YouTube kati ya 2022 na 2024, video zaidi ya mia mbili, fupi na za bure. Ukiwa na bando, ni darasa.

Basi hata gemu maarufu kuliko zote za mseto ilianza kwa picha ya mtaa. Yako ina mtaa wenye picha nyingi zaidi.

Steji ya kwanza ni paa. Mabati ya Majengo yana kutu, yanapishana, mengine yamewekewa mawe na tairi yasipeperuke. Hapa amua jambo kubwa la kiufundi: mchezaji anashindwa kwa damu kuisha, kama Tekken, au kwa kusukumwa nje, kama Smash, ambako kila pigo huongeza asilimia na asilimia ikipanda unarushwa mbali zaidi? Kwa paa, jibu linajileta. Anayeanguka aanguke. Na anayerudishwa mchezoni baada ya kuanguka, arudi akitokea lango la Hospitali ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambamo nusu ya wachezaji wako walizaliwa. Utani huo hauhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa Eastlands.

Steji ya pili iwe ukumbi wa nyumba ya Kiswahili ya Majengo, ule ujia wa katikati wenye milango ya vyumba kushoto na kulia na ua nyuma. Ni pembamba. Hakuna kuruka, hakuna kukimbia, na Liyongo na upinde wake wanateseka humo. Ndivyo inavyotakiwa: steji nzuri ina mtu inayempendelea na mtu inayemnyima. Milango ifunguke mara moja moja, mwenye chumba atoe kichwa, apige kelele, afunge.

Ya tatu ni soko la Gikomba, na hapa nakuonya kuhusu Magere. Chini ya maturubai ya soko hakuna jua, hivyo hana kivuli, hivyo hafi. Ukisahau hilo, kila mtu kibandani atachagua Magere na Gikomba mpaka mwenye kibanda aifute gemu yako. Tiba ni kurunzi. Iangushe katikati ya steji. Atakayeiokota anammulika Magere na kukizaa kivuli. Mnaona? Mhusika, steji na kifaa vimefungana. Ukiviwaza kila kimoja kwa orodha yake, huwezi kufika hapo.

Ya nne iwe Uwanja wa Kamukunji, mpana na mtupu, jua likisogea kutoka adhuhuri hadi magharibi kadiri mechi inavyoendelea. Hiyo ndiyo steji ya fainali.

Vifaa viwe vichache kuliko unavyotaka. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanakupa silaha bila kufikiri sana: karai ni ngao, sufuria ni kofia, wilibaro ni gari la kumgonga mtu, sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni ni kitu cha kujifichia. Mkokoteni ushuke mteremko bila breki na kumzoa kila aliye njiani, mwenyewe akipiga mluzi nyuma. Robota la mitumba lifunguke kwa bahati: ukipata kamera, nguo ya daraja la kwanza, unavaa na nguvu zinapanda, ukipata fagia, umevaa sweta lililochanika na kila mtu anacheka. Mahamri na mbaazi zirudishe uhai. Na kwa Liyongo peke yake, mkate wa wishwa. Ukiokotwa na mwingine ni chakula cha kawaida tu. Akiuokota yeye, ndani mna tupa, ile ile aliyofichiwa na mamake gerezani, na papo hapo anajinasua kutoka mkono wowote uliomkamata.

Weka kitufe cha kuzima vifaa vyote. Wachezaji wa mashindano hawapendi bahati. Wa Smash huvizima kabla hata ya kuchagua wahusika. Wa kibandani huvipenda mno. Wahudumie wote.

Sasa yale ya kuacha nje, na hapa sitabembeleza. Gemu za mseto hupenda bomu dogo lenye miguu, la kuchekesha. Usiliweke. Mei 2014 milipuko iliua watu Gikomba, na wapo watakaoshika pedi yako ambao walikuwa sokoni siku hiyo. Moto pia: soko hilo limeungua mara nyingi, na ule wa Juni 2018 uliua. Kuteketeza vibanda kwa ajili ya burudani ni jambo ambalo mtu wa mbali anaweza kulifanya kwa kutojua. Wewe huna udhuru huo. Kamukunji nako, palipoitishwa mkutano wa Saba Saba tarehe 7 Julai 1990, hapahitaji vitoa machozi vya katuni.

Sauti ichunguzwe kuliko picha. Utashawishika kurekodi adhana ya alfajiri kwa sababu ndiyo sauti ya mtaa. Acha. Microsoft ilitoa gemu ya kupigana iitwayo Kakuto Chojin mwaka 2002, na ikalazimika kuiondoa sokoni mapema mwaka uliofuata kwa sababu muziki wa mhusika mmoja ulikuwa na kisomo cha Kurani. Sony nayo iliahirisha LittleBigPlanet mwaka 2008 kwa sababu kama hiyo. Kampuni kubwa hizo zilimudu hasara. Wewe utakutana na jirani mlangoni, naye atakuwa na haki. Rekodi nyundo za Kamukunji, honi za nganya, wapiga bei wa Gikomba. Nyundo pekee zinatosha kuwa ngoma ya steji nzima.

Kuhusu raha ya pigo lenyewe nitasema kidogo, ingawa ndiyo inayotenganisha gemu na katuni. Gemu hizi huenda kwa fremu 60 kwa sekunde. Ngumi ya haraka ya Tekken huchukua fremu 10 kufika, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Pigo zito liende fremu 20 na zaidi, ili aliyelengwa apate kuliona na kuchagua. Pigo likitua, simamisha picha nzima kwa fremu sita hadi kumi kabla ya kuendelea. Hilo dogo ndilo linalofanya mkono uhisi uzito. Halafu jenga pembe tatu: pigo linamshinda anayetaka kukamata, kukamata kunamshinda anayejikinga, kujikinga kunalishinda pigo. Mhusika akikosa moja kati ya hizo tatu, awe amelipwa mahali pengine.

Programu zipo za bure. M.U.G.E.N., iliyotoka 1999, imetumiwa na mashabiki duniani kote kuunda mapambano ya mseto, na ni shule nzuri ya kuona jinsi visanduku vya pigo na vya mwili vinavyofanya kazi. Lakini humo utakuta michoro iliyonyofolewa kwa watu bila ruhusa, jifunze, usiuze. Kwa gemu ya kwako tumia Godot. Haidai chochote, hata ukipata faida, haihitaji kompyuta ya ajabu, na inatoa gemu ya Android. Android ndiyo simu ya wateja wako, kwa hiyo vitufe viwe vinne, si kumi.

Kuna Wakenya waliotangulia katika ufundi huu, na inafaa uwajue. Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa Leti Arts, kampuni ya Ghana na Kenya iliyowakusanya mashujaa wa simulizi za Afrika katika gemu na katuni. Na kwa upande wa wachezaji, Sylvia Gathoni, QueenArrow, alitoka kucheza Tekken Nairobi hadi kusajiliwa na timu ya nje ya nchi. Mtu wa kiwango hicho, hata asiye na jina, ndiye unayemhitaji kwenye majaribio, kwa sababu ndani ya nusu saa atapata ule ujanja wa kubonyeza kitufe kimoja na kushinda kila mechi.

Majaribio yafanyie kibandani, baada ya kuongea na mwenye kibanda na kumlipia saa zake. Mpe mtu pedi au simu, kisha nyamaza. Usimweleze kivuli cha Magere. Ukiona wachezaji watano wamempiga Magere kifuani dakika nzima bila kuangalia chini, kosa si lao: kivuli chako hakionekani, kitie ukingo mwekundu. Andika mahali wanapocheka, wanapotukana, na wanapomwambia mwenzao "rudia". Waandike pia majina wanaokubali kuendelea, maana Google Play, licha ya ada ya dola 25 ya mara moja tu, inamtaka mwenye akaunti mpya ya binafsi awe na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuiachilia gemu kwa umma. Wengine hununua wajaribu mtandaoni. Pumwani huna haja.

Kabla ya yote hayo kutoka nje, sajilini michoro na programu kwenye Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na muandikiane karatasi baina yenu: nani alichora, nani aliandika programu, nani alirekodi nyundo, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Kila mtu atie sahihi, na shahidi mmoja mtu mzima. Lifanyeni wakati gemu haijaingiza hata shilingi, maana siku itakapoingiza, kila mmoja wenu atakumbuka waziwazi kwamba wazo la kivuli lilikuwa lake.